Nani Anaongeza Kasi Kwenye Duara?

Karibu kila kitabu cha fizikia nilichowahi kukifungua kinaanza somo la mwendo wa duara kwa namna ileile: kuna kijiwe, kuna uzi, na kijiwe kinazunguka kwa kasi moja, haipandi wala haishuki. Halafu inakuja fomula, mraba wa kasi gawanya kwa nusu kipenyo, mwanafunzi anaikariri na mtihani unapita. Sina ugomvi na fomula. Ugomvi wangu ni na kijiwe. Nani amewahi kuona kitu kikizunguka hivyo tangu mwanzo hadi mwisho? Feni ukiiwasha inaanza taratibu, ukiizima inachelewa kusimama. Pembea hukimbia ikiwa chini na kusita ikifika juu. Gurudumu lolote lililowahi kuzunguka liliwahi pia kuwa limetulia. Hata kijiwe chenyewe cha kitabuni, kabla hakijapata hiyo kasi yake moja, kilikuwa kimekaa tu mkononi mwa mtu.

Kitabu kinairuka sehemu hiyo, na ndiyo ninayoipenda. Inazua swali ambalo nimewauliza watu wengi na ambalo wengi hulijibu haraka mno: kitu kinachozunguka kikiongeza kasi, ni nani aliyeiongeza? Jibu la kwanza huwa ni uzi. Vuta uzi kwa nguvu zaidi, kijiwe kitakwenda mbio zaidi. Lakini uzi unavuta kuelekea kitovu, na kijiwe hakiendi kitovuni. Kinakwenda kando, kwa pembe mraba na uzi. Nguvu iliyo kwenye pembe mraba na mwendo haiongezi nishati hata jouli moja na haipunguzi hata jouli moja. Inapinda njia, basi. Uvute uzi kwa nguvu kidogo au kwa nguvu ya kuukata, maadamu pembe hiyo haijabadilika kasi itabaki ilivyo.

Kwa hiyo kitu kinachozunguka kwa kasi inayobadilika kina michapuko miwili (mchapuko ni kiwango ambacho kasi au mwelekeo wa mwendo unabadilika), na kila mmoja una lake. Wa kwanza unaelekea kitovu. Ukubwa wake ndio ule mraba wa kasi gawanya kwa nusu kipenyo, nao unageuza mwelekeo tu. Wa pili unafuata njia yenyewe, mbele au nyuma, na huo peke yake ndio unaobadilisha kasi. Kwa kuwa michapuko hiyo miwili imekaa kwa pembe mraba, unaijumlisha kwa kanuni ya Pythagoras, na jibu ni mshale mmoja wa mchapuko mzima ambao hauelekei kitovuni wala haufuati njia. Kitu kikiongeza kasi, mshale umeegemea mbele ya kitovu. Kikipunguza, umeegemea nyuma. Vitabu vingi vinalisema hilo kwa aya moja na kuendelea na safari, na hapo tunakosa kitu kizuri kuliko vyote katika somo hili.

Chukua kitu kinachoanza kuzunguka kutoka sifuri na kuongeza kasi kwa kiwango kisichobadilika. Mshale wake unaelekea wapi? Mwanzoni kabisa kasi ni sifuri, kwa hiyo mchapuko wa kuelekea kitovu haupo. Mshale wote unatazama mbele. Kasi inavyopanda, mraba wake unapanda haraka zaidi, na mshale unageuka kidogokidogo kuelekea ndani. Mpaka hapo hakuna cha ajabu. Sasa piga hesabu. Mraba wa kasi ni mara mbili ya mchapuko wa njia, zidisha umbali uliokwisha kwenda. Ni kanuni ileile ya gari linaloondoka kwenye barabara iliyonyooka. Umbali kwenye duara ni nusu kipenyo zidisha pembe, ikiwa pembe unaipima kwa radiani (radiani moja ni digrii 57.3 hivi). Ili upate mchapuko wa kitovu unagawanya kwa nusu kipenyo, na nusu kipenyo kinajifuta. Kinachobaki: mchapuko wa kitovu ni mchapuko wa njia zidisha mara mbili ya pembe. Ukubwa wa duara umetoka kwenye hesabu, na kiwango cha kuongeza kasi hakina tena la kusema kuhusu uwiano wa michapuko hiyo. Imebaki pembe peke yake.

Maana yake ni kwamba michapuko miwili inalingana pale kitu kinapokuwa kimegeuka nusu radiani, digrii 28.6, popote pale na kwa chochote kile. Ncha ya pangaboi la feni, treni inayong'oa nanga kwenye kona ya nusu kipenyo cha kilomita moja, mtoto kwenye bembea ya kuzunguka: wote, ikiwa wanaongeza kasi bila kubadilisha kiwango, wanapita nusu radiani na mshale wao ukiwa umelala digrii 45. Kwa treni hiyo ni baada ya mita 500. Kwa ncha ya feni ni kufumba na kufumbua. Mzunguko wa kwanza ukitimia, mchapuko wa kitovu umekuwa mara 12.6 ya ule wa njia, na mshale umebakiza digrii 4.5 tu kuelekea kitovu kamili. Mizunguko kumi, mara 126. Yule mwandishi wa kitabu aliyechora mshale moja kwa moja kitovuni hakuwa mbali na ukweli, ila alichokifuta ni kile kipande chembamba kilichofanya kitu kizunguke.

Hili linaonekana kwa macho. Mimi huchukua ubao wa duara uliokaa juu ya beringi, naunyunyizia unga wa chaki, naweka sarafu sentimita 10 kutoka kitovuni. Kwenye mhimili nazungusha uzi, uzi unapita kwenye kapi na kuning'inia na kitu kizito, ili ubao uongezewe kasi kwa kiwango kilekile. Kinachoishika sarafu ni msuguano tu, na msuguano una kikomo. Tuseme mgawo wake ni 0.3, yaani hauwezi kuzidi 0.3 ya uzito wa sarafu. Basi uwezo wake wote, kwa mvutano wa dunia wa 9.8, ni mchapuko wa mita 2.94 kwa sekunde mraba. Ubao ukiongeza radiani 5 kwa sekunde kila sekunde, sarafu inahitaji mita 0.5 kwa sekunde mraba ili iende na ubao mbele. Ni kitu kidogo. Lakini hitaji la kitovu linapanda kwa kila digrii, na ubao ukiwa umegeuka digrii 166, hata nusu mzunguko haujatimia, uwezo wote umekwisha na sarafu inachomoka.

Tazama alama yake kwenye chaki. Wengi hutegemea ianze kuchora moja kwa moja kwenda nje, kwenye mstari unaotoka kitovuni. Haianzi hivyo. Imeegemea nyuma ya ubao kwa digrii 10 hivi, kwa sababu msuguano ulioshindwa ulikuwa unavuta ndani na mbele kidogo, na sarafu inateleza kinyume chake. Ongeza uzito kwenye uzi, alama inazidi kulala nyuma. Ongeza mpaka mchapuko wa njia peke yake upite 2.94, na sarafu haizunguki kabisa na ubao: inaachwa nyuma papo hapo, ubao unapita chini yake.

Sasa nenda kwenye uwanja wa riadha, kwenye kurusha nyundo, ambako watu hufanya jambo hilihili kwa tufe la chuma la kilo 7.26 na waya wa mita 1.2 hivi. Rekodi ya dunia ya wanaume ni ya Yuriy Sedykh, mita 86.74, aliyoiweka Stuttgart mwaka 1986. Ukipuuza hewa, kitu kinachotua umbali huo kimeachiwa kwa kasi ya takriban mita 29 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Pamoja na mikono, tufe linazunguka kwa nusu kipenyo cha karibu mita 1.8. Fanya hesabu ya fomula ya kitabuni: mchapuko wa kitovu unafika karibu mita 467 kwa sekunde mraba, na mrushaji lazima avute kwa nyutoni 3,400 hivi, sawa na kubeba kilo 345. Ndiyo maana kwenye mzunguko wa mwisho anakuwa amelala nyuma kana kwamba amekaa kwenye kiti kisichoonekana.

Nguvu yote hiyo, kwa upande wa kasi, haina mchango. Sifuri. Inalizuia tufe lisiondoke, basi. Kinacholipa kasi ni kitu kingine, na ukikipima unashangaa udogo wake. Tufe linaondoka na nishati ya jouli 3,050 hivi. Chukulia limezungushwa mara tano kwa jumla, ile ya kuzungusha juu ya kichwa na ile ya mwili mzima, kila mzunguko mita 11.3. Gawanya nishati kwa umbali: nguvu ya wastani ya kufuata njia ni nyutoni 54. Uzito wa tufe lenyewe ni nyutoni 71. Yaani rekodi ya dunia imejengwa na nguvu ndogo kuliko ile unayohitaji kuinua hilo tufe kutoka chini. Kilicho kigumu ni kuipeleka nguvu hiyo ndogo mahali pake huku unavutwa na nyingine iliyo mara 63 yake. Na hiyo 63 si ya kubahatisha; mizunguko mitano ni radiani 31.4, mara mbili yake ni 62.8. Ni kanuni ileile ya sarafu.

Mikono inaipelekaje? Waya ni waya, unaweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Njia pekee ni waya usielekee sawasawa kwenye mhimili wa mzunguko. Mikono inatangulia kidogo, inachora kiduara chake kidogo mbele ya tufe, na waya unalala mbele kwa pembe isiyofika digrii moja. Kwa nusu kipenyo cha mita 1.8, mstari wa waya unaukosa mhimili kwa sentimita 3 hivi. Nimerahisisha mambo: mzunguko wa kweli umelala mshazari, tufe linapata kasi likishuka na kupoteza likipanda, na mrushaji mwenyewe anasogea mbele ndani ya duara lake la kurushia. Ukubwa wa mambo lakini ndio huo. Makocha wanaopiga kelele kuhusu miguu kutua mapema wanapigania hizo sentimita 3, kwa sababu mguu ukiwa hewani hakuna kitu cha kukanyagia ili mikono itangulie.

Kuna mahali ambapo wahandisi wameyatenganisha majukumu haya mawili mpaka kwenye vifaa. Kwenye pete ya Large Hadron Collider, mashine ya kuongezea kasi chembe ndogo sana, yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni zinapindwa na sumaku kubwa 1,232. Sumaku hizo zote haziongezi nishati hata chembe, maana nguvu ya sumaku siku zote iko kwenye pembe mraba na mwendo. Anayesukuma ni mwingine: vyumba vya mawimbi ya redio, vinane kwa kila mkondo, vilivyokaa sehemu moja tu ya pete. Protoni inapita pale zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde na kuongezewa kidogo kila ikipita. Na kwa kuwa kinachopindwa kinazidi kuwa kigumu kupinda, sumaku zote lazima ziongezwe nguvu kwa mwendo uleule wa kupanda kwa nishati, zisichelewe wala kuwahi. (Protoni hizo zinaingia tayari zikikaribia kasi ya mwanga, kwa hiyo kasi yenyewe haina pa kupanda sana, kinachopanda ni nishati na msukumo. Ila mgawanyo wa majukumu ni uleule.)

Turudi barabarani. Dereva anayeingia kona ana kitu kimoja cha kumshika, msuguano wa matairi na lami, na msuguano huo ni kama mfuko mmoja unaochotwa na mikono miwili: mmoja kwa ajili ya kupinda, mwingine kwa ajili ya breki. Ila hauchotwi kwa kutoa na kujumlisha kwa kawaida. Unachotwa kwa miraba. Hilo ndilo linalowaponza watu.

Chukua lami kavu yenye mgawo wa msuguano wa 0.8, na kona ya nusu kipenyo cha mita 50. Uwezo wote ni mita 7.84 kwa sekunde mraba. Kwa kilomita 36 kwa saa, kupinda kunakula robo tu ya uwezo, na breki inabakiwa na asilimia 97. Dereva anahisi kana kwamba kona haipo. Kwa kilomita 64 kwa saa, kupinda kunakula asilimia 80. Ungedhani imebaki 20. Hapana, imebaki 60, kwa sababu 80 na 60 zikikaa kwa pembe mraba zinatoa 100. Bado unaweza kufunga breki ya maana. Hapo ndipo mtu anajenga imani. Kwa kilomita 70 kwa saa, imebaki asilimia 26 hivi. Kwa kilomita 71 na kidogo, hakuna kilichobaki, na ukigusa breki gari linaacha kupinda. Kutoka breki nzuri hadi hakuna breki kabisa, tofauti ni kilomita 7 kwa saa.

Ndiyo sababu nauona ule ushauri wa kupunguza mwendo kabla ya kona kuwa ni fizikia zaidi kuliko uoga. Kwenye mstari ulionyooka mfuko wote ni wa breki. Ndani ya kona unaanza na mfuko ulioliwa. Kuna faraja moja: ukiwa bado na kiasi, kila kasi kidogo unayoipunguza inapunguza hitaji la kupinda, na breki inapata nafasi zaidi. Ukikanyaga mafuta ndani ya kona, mambo yanakwenda kinyume chake kwa pande zote mbili.

Mpaka hapa kasi ilibadilishwa na mtu au mashine. Lakini anayebadilisha kasi ya duara mara nyingi kuliko wote duniani ni mvutano wa dunia, kila mara duara linaposimama wima. Hapa historia ina kitu kinachonifurahisha. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyeipata ile fomula ya mraba wa kasi gawanya kwa nusu kipenyo, mwaka 1659, kabla ya Newton. Mwaka 1673 alichapisha kanuni zake mwishoni mwa kitabu cha saa za pendulamu, bila uthibitisho. Uthibitisho ulitoka 1703, yeye akiwa amekwisha kufariki. Na miongoni mwa kanuni hizo imo hii: pendulamu ikiachiwa uzi ukiwa umelala usawa wa ardhi, ikifika chini kabisa itavuta uzi kwa nguvu mara tatu ya uzito wake. Huo ni mwendo wa duara wenye kasi inayobadilika. Mwenye fomula hakuwahi kuiweka kwenye kijiwe cha kasi moja peke yake. Sisi ndio tuliompunguzia.

Fuatilia pendulamu hiyo na utaona mshale ukigeuka. Inapoachiwa, kasi ni sifuri, mshale unaelekea chini tu, kufuata njia. Ikifika chini kabisa, mvutano hauna tena sehemu inayofuata njia, na mshale unaelekea juu, kwenye kitovu. Kati ya kuelekea chini na kuelekea juu lazima kuwe na mahali mshale unalala sambamba na ardhi. Mahali hapo ni pale uzi unapokuwa digrii 54.7 kutoka wima, kwa pendulamu yoyote, ndefu au fupi, duniani au mwezini.

Sasa zungusha kijiwe kwa uzi kwenye duara wima kamili. Ili uzi usilegee juu, mraba wa kasi pale juu lazima ufike mvutano zidisha nusu kipenyo. Kwa uzi wa mita moja hiyo ni mita 3.13 kwa sekunde. Kikishuka mpaka chini, bila mkono kuongeza wala kupunguza, kijiwe kina mita 7 kwa sekunde. Juu uzi haubebi kitu. Chini unabeba mara sita ya uzito. Na jambo ambalo watu hukataa kuliamini mpaka walikokotoe wenyewe: zungusha kwa kasi mara kumi zaidi, tofauti ya mkazo kati ya chini na juu bado ni mara sita ya uzito. Haipungui, haiongezeki. Kasi kubwa inapandisha mikazo yote miwili kwa pamoja.

Hiyo sita iliwatesa waliotengeneza rolakosta (vigari vya burudani vya kwenye reli) za kwanza za kupinduka. Coney Island, New York, mwaka 1895 kulifunguliwa Flip Flap Railway, kigari kilichopita kwenye kitanzi cha duara kamili, na abiria walishuka wakishika shingo. Kosa halikuwa kasi peke yake. Lilikuwa duara lenyewe. Kigari kinatoka kwenye reli iliyonyooka, ambako abiria anahisi uzito wake wa kawaida, na kwa kufumba na kufumbua kinaingia kwenye mpindo kamili, ambako hata kwa kasi ndogo kabisa inayotosha kupita juu anahisi mara sita. Hakuna ngazi ya kupandia. Uzito wa kichwa unapanda mara sita kabla misuli ya shingo haijapata habari.

Jibu lililoshika lilikuja 1976, kwenye Revolution, rolakosta ya bustani ya burudani ya Magic Mountain, California, ambayo kitanzi chake kilikokotolewa na mhandisi Mjerumani Werner Stengel. Aliacha duara na kuchukua mpindo wa klothoidi, ambao unazidi kukaza kwa kadiri unavyosonga mbele. Chini nusu kipenyo ni kikubwa, juu ni kidogo, na kitanzi kinafanana na tone la maji lililogeuzwa. Mantiki ni nzuri: chini kasi ni kubwa, kwa hiyo usipinde sana, juu kasi imeliwa na mvutano, pinda upendavyo. Nimejipigia hesabu ya mfano, siyo ya mashine fulani. Kitanzi cha duara cha urefu wa mita 20, abiria anahisi mara sita chini. Kitanzi cha urefu uleule chenye nusu kipenyo cha mita 20 chini na mita 6 juu, anahisi mara 3.3. Na kwa kuwa mpindo unaongezeka kidogokidogo, shingo inapewa taarifa.

Kitu kinachoteleza kutoka kileleni mwa tufe laini kina kanuni ya jamii hiyohiyo: kinaacha tufe kikiwa kimeshuka theluthi ya nusu kipenyo, digrii 48.2 kutoka juu, na mvutano uwe wa wapi haijalishi. Nakitaja tu, maana kila mwaka kinaibuka kwenye mitihani.

Kinachonivutia zaidi ni fumbo moja la uzi ambalo bado nawapa watu wanaojiamini na somo hili. Kijiwe kinateleza kwa kuzunguka juu ya meza isiyo na msuguano. Mara ya kwanza uzi umepita kwenye kitundu katikati ya meza, na mtu chini yake anauvuta polepole mpaka urefu wake unabaki nusu. Mara ya pili hakuna kitundu wala mtu; katikati kuna nguzo nyembamba iliyosimama imara, na uzi unajizungushia kwenye nguzo mpaka urefu wake unabaki nusu. Kote kuwili uzi umefupika. Kote kuwili kijiwe kinazunguka mara nyingi zaidi kwa dakika. Kasi je?

Kwenye kitundu kasi inakuwa maradufu, mizunguko kwa dakika mara nne, mkazo wa uzi mara nane. Kwenye nguzo kasi haibadiliki kabisa. Mizunguko inakuwa maradufu na mkazo maradufu, basi. Rudi kwenye pembe kati ya uzi na njia. Mtu anapovuta, kijiwe hakiendi tena kwenye duara bali kwenye mviringo unaojikunja ndani, na uzi unaacha kuwa pembe mraba na mwendo. Sehemu yake ndogo inafuata njia, mbele. Nishati inapanda mara nne, na yote imetoka kwenye mkono wa mtu aliye chini ya meza. Kwenye nguzo kijiwe nacho kinajikunja ndani, kwa hiyo kingepaswa kupata kasi vilevile. Lakini uzi hauelekei katikati ya nguzo. Unaelekea ukingoni mwake, nyuma kidogo ya kitovu, kinyume na waya wa mrusha nyundo unaopita mbele. Kuvuta nyuma huko na kujikunja ndani kule kunafutana sawasawa kila nukta, na uzi unabaki pembe mraba na mwendo tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyefanya kazi, kwa hiyo hakuna jouli iliyoongezeka.

Mtu makini atauliza mara moja: kama kasi ni ileile na umbali umepungua nusu, basi msukumo wa mzunguko (tungamo zidisha kasi zidisha umbali kutoka kitovuni) umepungua nusu pia, umekwenda wapi? Umekwenda kwenye nguzo. Uzi unaishika nguzo ukingoni na kuisokota upande uleule kijiwe kinakozunguka, na nguzo imechimbiwa, kwa hiyo dunia ndiyo inayosokotwa, kwa kiasi ambacho hakuna chombo cha kukipima. Ukitaka kukiona, usiichimbie nguzo. Iweke juu ya beringi laini na urushe kijiwe tena: nguzo itaanza kuzunguka yenyewe, na safari hii kasi ya kijiwe itashuka, maana kila jouli ambayo nguzo imepata imetoka kwake.